Anakimbia Kila Ijumaa, Mpira Haumfikii

Shangazi Verdell,

Usiitupe barua hii ukiona inaanza na mpira, najua ulishasema hutaki tena barua za makocha gazetini kwako tangu ile ya yule bwana aliyetaka kumwacha mkewe kwa sababu ya ratiba ya mazoezi, lakini langu si la ratiba, langu limenikaa kooni tangu msimu uanze na mke wangu amechoka kulisikia, mpaka ameniambia, "Mwandikie Shangazi bwana, mimi nataka kulala." Majina nimeyabadilisha, ingawa hapa kwetu ukisema tu kijana mwenye mbio wa upande wa mfereji, hata mbwa wa dukani anajua ni nani.

Mimi ni kocha msaidizi wa timu ya shule ya mpira wa Kimarekani, na walio chini yangu ni wapokeaji, wale vijana wanaochomoka mbele wakisubiri mrushaji awatupie mpira, na mwaka huu tulipokuwa tunaunda kikosi kocha mkuu, nimwite Tillman, alifanya walivyofanya makocha wa hapa tangu enzi za baba zao, hakutaka saa ya kupimia mbio wala maelezo ya mtu, alikwenda kusimama kando ya shamba la miwa siku ya kuchoma akawatazama vijana wakifukuza sungura wanaotoka kwenye moshi. Imani yetu unaijua, anayemkamata sungura kwa mikono kwenye udongo huu mweusi unaozamisha miguu, huyo atakamata mpira popote Florida. Siku hiyo kijana mmoja wa Kihaiti, mrefu, mkimya, nimwite Kervens, alimpita sungura. Sisemi alimkaribia, Shangazi, alimpita, mpaka sungura mwenyewe akashtuka akageuka alikotoka. Tillman akanishika mkono kwa nguvu, akasema, "Umeona? Huyo hapimwi, huyo anaandikwa!" Akaandikwa palepale, na vijana wawili wenye mikono mizuri ila miguu ya kawaida wakaachwa nje kwa ajili yake na wenzake wa mbio, maana Tillman alisema mwaka huu anataka kikosi cha upepo mtupu.

Ambacho hatukukiona, au tulikiona tukakiacha kipite, ni kwamba jioni ile wenzake walirudi na sungura wamening'inia kwenye fimbo, na Kervens alirudi mikono mitupu.

Mechi ya kwanza alirushiwa mipira miwili mizuri, hakuna beki karibu, na yote miwili ilimgonga kifuani ikaanguka, na jukwaa letu unalijua halina huruma, mtu akapiga kelele, "Mnunulieni gundi!" na watu wakacheka mpaka wapiga tarumbeta wakashindwa kupuliza. Nilitaka kumtoa. Tillman akanizuia, akasema, "Muache. Huyo ni moto. Moto kazi yake kutoa sungura shambani, hauokoti. Wa kuokota ni Poole." Poole ni mpokeaji wetu wa pili, si mwenye mbio sana lakini hajawahi kudondosha kitu tangu alipozaliwa, na tangu siku hiyo mchezo wetu umekuwa huohuo mmoja: Kervens anachomoka pembeni moja kwa moja mpaka mwisho, mabeki wawili wanamkimbilia kwa hofu wakimpa mgongo mrushaji, na nyuma yao inabaki nafasi ya kuegesha trekta na tela lake, Poole anaingia hapo, anapokea, watu wanaruka. Tangu hapo hatujafungwa. Poole ana barua za vyuo vinavyomtaka mpaka mama yake anaziweka kwenye droo ya vijiko, na kinyozi amechora jina lake kwenye kioo.

Sasa dhambi yangu ndiyo hii. Kila tunapoita mchezo huo namshika Kervens bega na kumwambia, "Huu unaweza kuwa wako." Si wake, Shangazi. Mrushaji ameambiwa asitazame hata upande ule. Nilipomwambia Tillman kwamba roho inanisuta, alinijibu, "Akijua hauji atakimbia robo tatu, na mbio za robo tatu hazimtishi beki yeyote. Unataka kushinda au unataka kuungama?" Na kama kocha najua asemalo ni kweli, nimeona vijana wengi, miguu inafuata tumaini, ndiyo maana naendelea kusema uongo huo huku namtazama usoni, na yeye hunijibu, "Sawa, Kocha," anavaa kofia yake ngumu na kwenda. Wiki iliyopita alirudi anahema, akaniuliza, "Yule beki wao namba sita alinifuata?" Nikasema ndiyo. "Na yule mwenzake?" Nikasema wote wawili. Akaitikia kwa kichwa, akanywa maji, na mimi nikageukia pembeni kwa sababu niliona anajifariji.

Kilichonivunja kabisa ni mama yake. Anafanya kazi kwenye banda la kupakia mahindi, na Jumamosi moja tulikutana kwenye foleni ya duka, yeye na ndizi zake na samaki wa chumvi, akaniita kwa sauti foleni nzima ikageuka.

"Kocha, we Kocha, hebu njoo. Mimi huu mpira wenu siujui. Mwanangu anakimbia kila Ijumaa kama amefunguliwa mbwa, halafu anarudi mikono mitupu. Anakwendaga wapi?"

"Anafanya kazi kubwa, mama."

"Kazi gani? Nikimuuliza yeye ananiambia, 'Mama, mimi nafagia.' Anafagia nini? Nimevuka maji yote yale mtoto aje kufagia?"

Watu wakacheka, na yeye akacheka, na mimi nikacheka, halafu akaniinamia, sasa kwa sauti ya chini, akasema, "Tangu mdogo hapendi kushika kitu kinachohema. Sungura alikuwa anamgeuza tu, wenzake wanamkamata. Nilidhani mpira hauhemi, ndiyo maana nikamruhusu." Nilikwenda kwenye gari nikakaa humo bila kuliwasha.

Na juu ya hayo, bwana mmoja wa chuo kidogo huko Georgia amenipigia simu. Ijumaa anakuja kutazama nusu fainali. Akasema, "Poole sitampata, wakubwa watamchukua. Niambie juu ya yule anayekimbia. Nimebakiwa na nafasi moja ya mpokeaji. Mbona hamumrushii? Ana mikono?" Nikamwambia mtandao unakatika, nitampigia. Sijampigia. Nikisema hana mikono nimemfungia mlango kwa ufunguo wangu mwenyewe, nikisema anayo Ijumaa bwana huyo atakuja kutazama uongo. Nikimweleza Kervens ukweli atapunguza mbio, tutafungwa, na mji huu utanitafuna, na nisipomweleza msimu utakwisha, shule itakwisha, ataenda kusimama kwenye mkanda wa kupitisha mahindi bandani pembeni ya mama yake akiamini kwamba alikuwa mpokeaji mbovu, basi, wakati ndiye aliyetushindia kila mechi. Tillman anasema tutamwambia baada ya fainali na tutampa kombe alishike wa kwanza. Nami najiuliza hivi kasi ni kitu gani hasa, kwamba tumejenga kikosi kizima juu ya miguu ya mtu mmoja na mwenyewe hayumo. Shangazi, nifanyeje?

Kocha Msaidizi, Kando ya Mfereji


Shangazi Verdell anajibu:

Kocha, pole. Pole nyingine mpelekee mkeo. Sasa kaa vizuri, maana huruma yangu inaishia hapo.

Jibu hili nimekuletea mlangoni mwenyewe leo Jumapili, na gazeti linatoka Jumatano. Nimefanya hivyo kwa sababu umebadilisha majina kwa namna ya mtu anayejificha nyuma ya fimbo ya ufagio, na sitaki mtoto huyo asikie habari zake kwa kinyozi. Una siku hizo chache. Zitumie.

Umeniuliza kasi ni kitu gani. Mimi nimezaa mpokeaji mmoja na beki mmoja, wamegombana mezani pangu juu ya swali hilohilo mpaka kuku akapoa, na mwenye jibu alikuwa yule beki. Beki haogopi mbio za mtu. Mbio peke yake ni mazoezi ya mwili. Anachoogopa ni mpira kupita juu ya kichwa chake huku kuna mtu ameshamtangulia, na mbio zinamtisha kwa kuwa mpira unaweza kuja. Nyinyi mmefanya kila njia usije. Timu mlizozifunga hazikuwa na muda wa kutazama video za mechi zenu, lakini hao wa nusu fainali wamezitazama, na hata mimi nisiyeona vizuri bila miwani ningegundua: mrefu anakimbia, mpira haumfuati. Ijumaa watampa mtu mmoja wa kumsindikiza kwa adabu, na wengine wote watamkalia Poole shingoni. Hiyo nafasi ya trekta uliyojivunia haitapitisha hata baiskeli. Kwa hiyo usijidanganye kwamba unachagua kati ya ushindi na ukweli. Uongo wenu umeshaisha nguvu hata kwa kazi mliyoikusudia.

Tillman naye amekosea tangu shambani. Kasi kwenye kikosi ni chumvi kwenye chungu, bila hiyo chakula hakiliki, lakini hakuna aliyewahi kushiba chumvi. Angechukua mmoja wa mbio kama Kervens na wale wawili wa mikono aliowaacha nje, leo mngekuwa na timu. Amejaza upepo mtupu, halafu anashangaa anamtegemea Poole peke yake. Hapa kwetu kila nyumba ina mtoto mwenye mbio, kwa hiyo tunazidharau na kuziabudu kwa wakati mmoja.

Sasa uongo wako. Unasema kijana anakimbia kwa sababu anaamini mpira utakuja. Nani kakwambia? Umemuuliza? Hebu soma barua yako kama vile imeandikwa na mtu mwingine. Mtoto amemwambia mama yake kwamba anafagia. Alipotoka uwanjani hakukuuliza mbona hakurushiwa, alikuuliza kama mabeki wote wawili walimfuata. Wewe ukaona anajifariji! Kocha, alikuwa anakagua kazi yake. Huyo anajua. Amejua zamani, na amekimbia mbio zake zote hivyohivyo, na kila unapomshika bega na kumpa ule uongo wako anasema "Sawa, Kocha" kwa sababu ni mtoto aliyelelewa vizuri na hataki kukuaibisha. Wewe ndiye unayetunzwa na uongo huo. Yeye alishaacha kuuhitaji.

Na mmesahau sheria ya shambani, nyinyi wana wa udongo huu! Aliyemgeuza sungura anapata nusu ya nyama hata kama hakumgusa. Watoto wadogo kabisa wanagawana hivyo bila mtu mzima kuwaamulia. Poole ameshapata barua za kujaza droo. Kervens amepata nini? Bega kushikwa. Halafu mnamwahidi kombe, tena alishike wa kwanza, mtu ambaye mmeutangazia mji mzima kwamba hawezi kushika kitu. Mtu mwenye haya hasemi maneno hayo.

Basi fanya hivi. Kesho jioni nenda nyumbani kwao, si ofisini kwako na si nje ya kanisa ambako kila mtu atakuja kukupa mkono katikati ya sentensi. Kula atakachokupa mama yake, na usile kidogo. Kisha mwombe kijana radhi mbele ya mama yake, kwa maneno mafupi: nilikwambia mpira unaweza kuja nami nilijua hauji. Usiongeze "lakini." Halafu toa video za mechi. Usiwaonyeshe Poole akishangiliwa. Simamisha pale mabeki wawili wanapogeuza migongo, uwaonyeshe uwanja mtupu walioacha, na umwambie mama, hiki ndicho anachofagia mwanao, na hakuna mwingine kwenye jimbo hili anayekifagia hivi. Mama huyo amekuuliza swali la maana kuliko yote yaliyoulizwa juu ya timu yenu msimu huu, na ulimjibu kama mwanasiasa. Sasa mjibu.

Ukitoka hapo mpigie bwana wa Georgia, mtandao wako utakuwa umetengemaa. Mwambie kijana bado hajui kupokea akiwa kwenye mbio kali, na mwambie kinachotokea uwanjani akikimbia. Maneno yote mawili, usimuuzie moja na kuficha jingine. Akiwa na akili ataelewa anachotazama, maana kufundisha mikono kunawezekana na miguu ile hainunuliki. Akiwa hana akili, shukuru hakumchukua mtoto wa watu.

Na Tillman mwambie wazi kwamba Ijumaa mrushaji atazame upande ule, na mpira wa kwanza wa mechi uende kwa Kervens, mrefu, mbele ya kila mtu. Ukianguka uanguke. Jukwaa litataka gundi, liache lipige kelele, lilizaliwa hivyo. Lakini yule namba sita wa wiki hiyo atakuwa ameinua macho akaona mpira kweli umekuja, na mechi nzima hatathubutu kumwacha tena, na Poole atapumua. Hata Tillman anaweza kuelewa hilo, kwa kuwa lina ushindi ndani yake. Akikataa, timu ni yake, lakini mdomo ni wako, na neno lile begani kwa mtoto usilirudie.

Nimebakiza moja, nalo ndilo lililonifanya niitupe miwani mezani. Wewe ni kocha wa wapokeaji. Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta sentensi moja tu. Nimeikuta miguu ya kijana, nimemkuta mama yake na ndizi zake, Tillman na moto wake, gari lako ulilokaa humo kujionea huruma. Sikuona popote uliposema kwamba siku moja, wenzake wakiwa wameshakwenda nyumbani, ulibaki uwanjani na mtoto huyu ukamrushia mpira. Alidondosha miwili mwanzo wa msimu, mkaamua hana mikono, mkaacha kumtupia, na sasa unaniuliza mimi nikusaidie kumjibu mtu wa chuo. Kama anayo au hana, mimi sijui, Kocha. Wewe pia hujui. Kwa hiyo kesho, kabla hujaenda kwa mama yake, shule ikitoka tu, chukua mfuko wa mipira, msimamishe mbele yako, karibu, asikimbie popote, na mrushie.